Vyandarua vya Mabibi Harusi

Mama yangu ni fundi cherehani, na simsifu kwa kuwa ni mama yangu. Mtaa mzima hakuna anayeweza kusimamisha gauni la bibi harusi kama yeye. Hata bibi harusi mwembamba kama ufito aliingia ukumbini akiwa na umbo, sketi imefunguka kama mwavuli. Siri ilikuwa ndani: shimizi ya tabaka tano, kila tabaka ni chandarua kilichotiwa wanga na kupigwa pasi.

Zahanati ilipogawa vyandarua vya bure, tulipata vitatu, na Mama akavikata vyote wiki hiyohiyo. Wateja nao wakaanza kuleta vya kwao, vingine bado viko kwenye mfuko. Nyumba yetu ilikuwa imepakana na shimo la maji machafu ambalo mfuniko wake ulishavunjika, kwa hiyo mbu hatukuwatafuta. Nikilalamika, Mama ananicheka. “Hao ni wapangaji tu, mwanangu. Ukiwazoea huwasikii.” Nikawazoea.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili mguu wake wa kulia ulipoanza kuvimba. Mwanzoni ni kifundo tu, tena jioni, asubuhi kimenywea. Baadaye zikaja homa za siku tatu tatu, mguu unawaka moto, na kila homa ikiondoka inauacha mguu mnene kuliko ilivyoukuta. Majirani walisema amerogwa. “Mchawi gani ana muda na mguu wangu?” Mama akawajibu, na maneno hayo yakaishia hapo. Yeye alikuwa na mshukiwa wake, pedeli ya cherehani. Miaka ishirini ameikanyaga kwa mguu wa kulia, basi akahamia wa kushoto. Magauni yake mwenyewe akawa anayashona marefu mpaka yanafagia sakafu, na kupima wateja majumbani kwao akaacha kabisa.

Nami akanifukuza kwenye cherehani. Nilikuwa na mkono mwepesi, na yeye alijua. “Kazi hii inakula miguu,” alisema. “Nenda kasome, ukae mezani kama watu.” Nilinuna mwaka mzima. Leo ninakaa mezani, ninaandika stakabadhi katika ghala la saruji, na bado naumia nikiona mtu amekosea kukunja pindo. Alikuwa ananilinda, maskini, na kila usiku tukalala bila chandarua.

Mwaka jana, nikiwa na miaka ishirini na minne, mhudumu wa afya alipita nyumba kwa nyumba akigawa vidonge. Alikaa kwenye benchi la wateja, akaona mguu chini ya meza, na hakujifanya hakuuona.

“Mama, hayo ni matende,” alisema. “Pedeli haina kosa.”

Akaeleza taratibu, na Mama akaacha kushona ili amsikie. Mbu anamuuma mwenye ugonjwa, anabeba vijidudu, anakuja kukuuma wewe. Ndani ya mwili wako vinakuwa minyoo myembamba kama uzi, inakaa miaka, inaharibu mishipa inayoondoa maji mguuni. Huumwi leo ukavimba kesho. Ni mbu wengi, kwa muda mrefu.

“Hapa mnalala kwenye chandarua?” akauliza.

Mbele yake lilikuwa limening'inia gauni la harusi ya Jumamosi, limegeuzwa ndani nje. Mama aliliangalia. Mimi nikainamisha kichwa, maana vyandarua vingi vya shimizi ile nilivifumua pindo mwenyewe. Kisha Mama akauliza.

“Na mtoto wangu?”

“Anaweza kuwa nayo na isionekane. Mlete apimwe.”

Tulikwenda kesho yake. Nesi alimfundisha Mama kuosha mguu kila siku kwa sabuni na maji safi, kuukausha mpaka katikati ya vidole, kuuinua akikaa. Akamwambia wazi kwamba hautarudi kuwa kama zamani, ila homa zitapungua. Mama aliitikia kama mtu anayesomewa habari za jirani. Masikio yake yalikuwa kwenye chumba nilichoingizwa mimi.

Nilitobolewa kidole, tone likawekwa kwenye kipimo, tukasubiri dakika kumi. Nesi akafunga mlango.

“Unayo,” alisema. “Mguu bado mzima, na tumewahi. Meza dawa kila mwaka, usiruke.”

“Mama asijue.”

“Majibu ni yako. Utamwambia mwenyewe.”

Nilimkuta Mama amesimama, mguu ule mzito, na kiti kipo nyuma yake. Sijawahi kuona uso wa mtu ukiomba namna ile.

“Sina,” nikasema.

Alilia palepale mbele ya foleni, na mimi nikamshika nikijichukia. Uongo huo ni rahisi kuutunza. Vidonge tunameza mtaa mzima, mgonjwa na mzima, hakuna wa kuniuliza kwa nini.

Ila tangu wiki ile, kila Jumapili asubuhi kabla hajafungua kazi, Mama ananiita. “Leta mguu.” Anapiga magoti kwa shida, anazungusha futi yake kwenye kifundo changu cha kulia, halafu cha kushoto, midomo inatembea bila sauti. Kisha anarudia tena cha kulia. Nilipomuuliza mara ya kwanza, alisema anataka kunishonea suruali.

Huu ni mwezi wa nane wa kunipima, na kitambaa cha suruali hiyo hajakinunua.