Bashi Juu ya Maji

Nimefanya kazi kadhaa za kipumbavu maishani, lakini hakuna iliyoishinda ile ya kupasha moto bwawa la kuogelea hatua mia mbili kutoka Ziwa Mweru. Bosi wangu alilichimba uani kwake Nchelenge, upande wa Zambia, akalipaka buluu, na upande wa barabara akaweka uzio wa vyuma badala ya ukuta, ili kila apitaye alione. Kuogelea hakujua. Alizaliwa Pweto, ng'ambo ya Kongo, akakua miguu ikiwa majini, na bado hakujua kuogelea.

Sisi wawili tulivuka ziwa msimu mmoja tukikimbia vita, yeye na mama yake na ndugu zake katika mashua moja, mimi katika nyingine. Pale Kenani, kambini, tulikuwa majirani. Watu husema tulikaa kwenye mahema, lakini hiyo ni lugha ya adabu. Tulikaa chini ya bashi, turubai jeupe la plastiki lenye herufi za shirika, limefungwa juu ya miti kwa kamba. Mvua ikinyesha, kila familia ilikesha ikiishikilia yake isipeperuke. Kisha yeye akaingia kwenye biashara ya samaki, akatajirika, na akaanza kusahau. Alianza kwa kusahau Kiswahili. Akawa haongei ila Kibemba, tena Kibemba cha kununulia dagaa wa chisense sokoni, ambacho Wabemba wenyewe walikisikiliza huku wakiangalia pembeni. Nadhani aliniajiri ili awe na mtu wa zamani wa kumwita bosi.

Bwawa lile lingekuwa mzaha tu kama si mama yake. Kiharusi kilikuwa kimemwachia mguu wa kulia ukiwa mzito, na mtaalamu wa mazoezi wa hospitali alisema atembezwe kila asubuhi ndani ya maji ya vuguvugu, la sivyo mguu utakakamaa na hatatembea tena. Maji baridi yangemdhuru. Hivyo nikajenga tanuri la kuni lenye bomba la shaba ndani, pampu ikawa inazungusha maji, nami kutwa nzima nikawa nachochea.

Jioni maji yalikuwa mazuri. Asubuhi yalikuwa ya kuua chura. Ilikuwa miezi ya baridi, upepo wa ziwani ukipita juu ya maji usiku kucha na kuondoka na joto lote. Nilimweleza bosi kwamba kuni hazina kosa, joto linatorokea juu, bwawa linataka kufunikwa. Hata mpishi wa ugali anajua kazi ya mfuniko. Akasema kifuniko kitaagizwa Lusaka. Nikamwambia kwamba wakati tunakisubiri, bashi moja ingetosha, maana bwawa lenyewe lilikuwa na hatua sita kwa nne. Alinikaripia kwa Kibemba, lakini neno bashi alilitamka kama kwetu, kwa midomo iliyobanwa, kama mtu anayetema mwiba wa samaki. Hakutaka kuiona bashi nyumbani kwake. Kifuniko cha Lusaka hakikuja, na yeye akaagiza kuni zaidi.

Mama yake ndiye aliyenitoa kwenye ujinga huo. Siku moja alinivutia furushi kutoka chini ya kitanda chake. Ilikuwa bashi yao ya Kenani, imekunjwa vizuri kama kitenge cha harusi.

"Papa, kamata hii," aliniambia. "Ilitufunika siye batu batano. Haiwezi shindwa na mayi ya bwawa."

Tangu siku hiyo niliitandaza jioni bosi akiwa mezani, na asubuhi niliitoa kabla hajaamka, maana matajiri huamka jua likiwa juu. Mama alikuwa akiinama ukingoni na kupima maji kwa kiwiko, kama anayetaka kumwogesha mtoto. "Leo iko kama chai ya mugonjwa," alisema, na hiyo ilikuwa sifa. Wiki ya tatu alitembea hatua nne bila kunishika. Nilifurahi kuliko nilivyowahi kufurahi katika nyumba ile.

Kisha wakaja wageni watatu kutoka Lusaka, wenye malori ya barafu, kulala kwake usiku mmoja. Aliwaleta uani jua linapotua, akiwaambia "mwaiseni mukwai", karibuni waheshimiwa, kila baada ya hatua mbili, wakanikuta nimeshika ncha ya bashi. Mgeni mmoja akauliza kwa utani kama wakimbizi wamehamia hapa. Bosi akacheka kuliko wote. Akasema ni takataka ya mfanyakazi wake, yule Mkongomani, akaniamuru niichome.

Nikajibu "ee mukwai," ndiyo bwana. Nikaikatakata na kuitia tanurini.

Asubuhi walikuwa wanakunywa chai kando ya bwawa mama alipokuja na fimbo yake. Aliinama, akatia kiwiko majini, akakitoa. Akamgeukia mwanawe.

"Mutoto wangu, leo unishike weye. Ingia kwanza."

Mbele ya wageni hakuna mwana anayemkatalia mama. Bosi akavua viatu, akaingia na suruali yake ya kupigwa pasi mpaka maji yakamfika kifuani. Meno yakaanza kugongana.

"Mayi iko namna gani?" mama akauliza kutoka ukingoni.

Alifungua mdomo atafute Kibemba, hakukipata.

"Mama, iko baridi," alisema. "Iko baridi sana, mama."

Ilikuwa sauti ya yule kijana wa Kenani, na wageni waliisikia. Niliona raha, siwezi kuficha. Nilisimama pale nikimdharau kwa moyo wangu wote.

"Basi utoke," mama alimwambia. Kisha kwangu: "Papa, leta ile bashi."

"Bosi aliichoma, mama," nikasema.

Alimtazama mwanawe, aliyekuwa bado anatetemeka majini. Jana yake, baada ya kuniamuru, bosi alikuwa amewapeleka wageni ndani bila hata kugeuka. Rundo la kuni lilikuwa nyuma yangu, refu kuliko mtu, na kama ningeificha bashi nyuma yake, hakuna ambaye angechungulia.

"Nani aliitia mu moto?" mama akauliza.

Masizi ya plastiki hayatoki kwa sabuni. Nikaficha mikono nyuma.