Pua ya Yaya Kambale

Jirani yangu hapa Butembo akichemusha majani ya mikaratusi, miye ninafunga dirisha. Anaona kama niko na roho mubaya, na miye sijamueleza bado. Ile harufu ikinifikia mu koo, mara moja niko tena Kyavinyonge, ku bord ya ziwa, mutoto mwenye kukosa meno ya mbele, na mama anafunika yaya yangu, kaka yangu mukubwa, bulangeti juu ya sufuria ya moto, anamuambia: "Vuta na pua! Hapana na kinywa, wewe kichwa nguvu!"

Yaya yangu alikuwa anaitwa Kambale. Baba alikufaka mbele ya vita kufika kwetu, donc Kambale njo alibaki baba. Kazi yake ilikuwa kuzama. Nyavu ya bavuvi ikinaswa chini mu majiwe, banamuita. Anakumbatia jiwe muzito, anajaza pumzi, anashuka naye mu giza ya maji bila chombo yoyote. Ungesema Baba Yetu na Salamu Maria mingi mbele ya kumuona tena. Akitoka, anatema, anacheka, anasema: "Bengine Mungu aliwapa shamba kule Musienene. Miye alinipa pua." Na kweli ilikuwa pua! Babinti bale ba kuuzisha samaki walikuwa banamuita Cheminée, bomba ya moshi. Akipita, banakohoa kama vile moshi imewaingia.

Alinifundisha ile mambo kama hadisi. Kule chini, alisema, maji inakufinya kichwa kama mama mwenye kukamua nguo. Mu mifupa ya uso iko tunyumba tudogo twa hewa, nyuma ya paji, nyuma ya mashavu. Ukifinya pua na kupuliza polepole, masikio inalia tii, hewa inaingia mu ile tunyumba, na maji inakuachilia. Mais ukiwa na mafua, milango ya tunyumba imefungwa na kamasi. Pale unashuka, na ni kama mutu anasukuma kidole gumba nyuma ya jicho yako. "Ziwa habaisukumake," alisema. "Ikikukatala, unarudi kwako kukula mihogo."

Sababu ya ile, kwetu ku ziwa ilikuwa desturi ya kupima pua. Mbele ya kuzama, muzamaji anafunga kinywa, anaziba tundu moja na kidole, anaimba na ile ingine, mmmm, kisha anabadilisha. Sauti ikitoka safi pande zote mbili, anaenda. Ikikufa upande moja, anabaki. Na mutu hapimake pua yake yeye peke, juu njaa inaweza kumudanganya: iko lazima masikio ya mwingine. Kambale alichagua masikio yangu. Kila asubui ananiimbia wimbo ya misa na pua, na miye ninasimama pale na sura ya askofu, ninasema: "Imeimba. Enda." Nilikuwa najisikia mukubwa kuliko chefu ya localité.

Kisha vita ya pili ya inchi yetu ikatufikia. Basoda benye walikamata port yetu walikuwa na mukubwa wao, Komanda Bilulu. Ninaandika jina yake hapa juu hakuna tribunal iliiandika. Bilulu alikamata pirogue, mutumbwi ya baba mudogo Mathe, mudogo wa baba yetu, ile pirogue moja yenye ilikuwa na moteur. Wakaijaza samaki ya chumvi yenye walinyanganya bamama, mupaka maji ikakaribia kuingia. Moteur ikapasula ubao, ikaenda chini, pale penye ziwa iko murefu.

Bilulu akarudi inchi kavu na bunduki, akasema Mathe njo alifunga moteur mubaya. Moteur itatoka leo, ama Mathe ataenda kuitafuta yeye mwenyewe na jiwe ku shingo.

Baba mudogo Mathe hakumeza ata mate. "Afande, iko mutoto ya kaka yangu. Anazama kama samaki. Saa hii analala tu kwao."

Analala tu! Asubui ile ile alikuwa amepita kwetu, amemuona Kambale chini ya bulangeti, macho imevimba, hawezi kuinama juu paji inamupiga kama ngoma. Alikuwa amemuambia ata pole. Na ile neno, analala tu, miye ningali naisikia.

Basoda wakakuya kumutosha Kambale mu nyumba. Mama akapiga magoti mu muchanga. "Afande, mutoto iko na mafua. Desturi yetu inakatala. Akishuka vile, kichwa yake itapasuka."

"Mafua?" Bilulu akacheka, na basoda wakacheka juu mukubwa amecheka. "Mama, miye niko na malaria na ninafanya vita!" Kisha akaniona nyuma ya kikwembe ya mama. "Petite, yaka awa. Noki, noki!" Ile Lingala yake ilikuwa kusema nikuye kwake mbio. Akanibeba na mukono moja kama kuku, akaniweka mu pirogue ingine, katikati ya bote zake, viatu yake ya vita. "Huyu atakaa hapa. Yaya yake asisahau njia ya kurudi."

Tukaenda na makasia, baba mudogo Mathe naye ndani. Pale penye moteur ilizama, Kambale akapima pua, vile desturi. Upande ya kuume ikaimba. Upande ya kushoto, hakuna kitu, kama vile ukipuliza mu chupa yenye kujaa udongo.

"Imekufa," nikasema. Sauti yangu ilitoka kidogo sana, mais nilisema.

Hapo baba mudogo akatosha mu mufuko kachupa kadogo, dawa ya matone yenye alipata kwa muganga wa basoda. "Weka, mwana ya kaka. Hii inafungua ata mulango ya gereza." Akamuinamisha kichwa nyuma, akamutonyesha mu tundu zote. Tukangoja. Kambale akaimba tena, na ile ya kushoto ikatoka safi, safi kabisa, kama siku ya Pasaka. Yeye mwenyewe alishangaa. Akanitazama, akatabasamu na ile macho yake ya kuvimba.

"Kavira, umesikia? Imefunguka."

Bazee benye walianzisha desturi yetu hawakujuaka matone. Kwao pua yenye kuimba ni pua yenye kupona. Hakuna mutu mu pirogue alijua kitu ingine.

Siku zote muzamaji wetu anakuwa na kamba mbili: moja ya kitu, moja ya mutu, yenye inafungwa mu kiuno yake. Ile siku Mathe alimuambia: "Moteur ni muzito, kamba moja itakatika. Funga zote mbili kule." Kambale akatazama Bilulu, akatazama bote zenye zilinifinya, akakamata kamba zote mbili mu mukono na jiwe mu mukono ingine. Akaenda. Maji ikajifunga juu yake polepole.

Kisha kamba zikatikisika. Basoda wakavuta, wakaimba Lingala yao, na moteur ikatoka na matope yake yote. Bilulu akapiga makofi. Akafyatua risasi juu, na ndege zote za port zikaruka.

Miye nilikuwa naangalia maji.

Nilimuona akikuya. Ziwa yetu si maji safi, mais nilimuona, chini kidogo tu, kama urefu ya kasia. Kwanza mapovu, na mapovu ilikuwa na rangi. Kisha uso yake. Alikuwa amekamata paji na mikono yote mbili, kinywa wazi. Nikanyoosha mukono. Na pale pale, yaya yangu akageuka, akarudi chini.

"Amerudi chini!" soda moja akasema. "Huyu amesahau nini kule?"

Nililia, nikaomba watupe kamba. Kamba zote zilikuwa zingali zinafunga moteur. Mathe akasema kamba ya kufungwa na maji haifungukake haraka. Ile njo alisema.

Ziwa ilimurudisha mu matete, na damu ya kukauka ku pua. Mais watu hawakusema juu ya damu. Walisema ile yenye basoda waliona: alifika juu, akageuka yeye mwenyewe. Mathe njo alitembeza ile maneno nyumba kwa nyumba: mutoto alichoka na maisha, alijiua. Ile ilimusaidia sana, juu mutu mwenye kujiua hana muuaji. Katekista akakatala kusali ku kaburi. Tukamuzika bila wimbo, kisha tukapanda Butembo na miguu, miye na mama.

Mama aliishi miaka mingi hapa. Kila mangaribi alikuwa anamuomba Mungu amusamehe Kambale ile zambi. Na miye niliamini vile vile. Vibaya kuliko ile: niliamini aliona mukono yangu na akaikatala.

Kisha mutoto wangu akapata sinusite, ugonjwa ya ile tunyumba twa hewa mu uso. Ku dispensaire, muuguzi akakataza nisimutie matone ovyo, na ile neno ikanitosha mambo yote mu kinywa, pale pale mbele ya bagonjwa bengine. Akanisikiliza. Akaniambia matone inafungua kwa muda kidogo tu, kisha milango inajifunga tena. Mutu anashuka bien, bila uchungu. Mais akipanda, hewa yenye iliingia mu ile tunyumba inavimba na inakosa fasi ya kutokea. Karibu na juu njo inauma kabisa. Kichwa inazunguka, mutu hajui tena mbingu iko wapi, na mwili unakimbia upande ile yenye uchungu inapunguka. Chini.

Bilulu, banasema, iko na grade mu jeshi na mushahara. Mathe iko na nyumba ya étage, ya ghorofa, hapa Butembo, na anakaa banc ya kwanza kanisani. Nilienda kumuambia yenye muuguzi alisema. Akanijibu: "Binti ya kaka, mambo ya zamani."

Mama alikuwa ameshakufa. Alikufa akingali anamuombea musamaha, na hakukuwa kitu ya kusamehe. Kambale hakutukimbia. Alikuwa anakuya kwetu.