Shimo Moja la Mama

Kamba ya kupandia ilikuwa yangu. Niliinunua sokoni Uriri, ya nailoni, ya bluu, nikaipiga fundo kila mahali ambapo shimo la mbegu lingechimbwa. Kisha nikayafungua mafundo yote na kuyapiga upya kwa sababu mawili kati ya hayo yalikuwa yamesogeleana kidogo. Hakuna aliyeniagiza. Ndivyo nilivyo. Hata aya hii nimeiandika na kuifuta, na bado naiona imepinda.

Sikusomea kilimo. Niliacha shule kidato cha tatu, baba alipofariki. Yaliyobaki nilijifundisha mwenyewe, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka na vitabu vya zamani vya maafisa wa ugani. Kwa hiyo watu wa mradi waliponichukua niwe msaidizi wao wa shambani, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuogopa. Niliogopa kwamba siku moja mtu angeniuliza swali dogo tu, na wote wangejua kuwa sikustahili kuwa pale.

Mradi wenyewe ulikuja na magari mawili. Moja lilikuwa la kituo cha utafiti cha serikali, la pili la kampuni ya mbegu. Watu wake walivaa kofia za rangi tofauti, nao waliposimama mbele yetu kwenye uwanja wa kanisa, kofia hazikuchanganyika. Mratibu, mtu mpole mwenye asili ya pwani, alieleza kwa Kiswahili, nami nikawatafsiria akina mama kwa Kijaluo.

"Huu ni ubia," alisema. "Serikali inaleta watafiti na maabara. Kampuni inaleta mbegu mpya ya mtama na gharama za kuizalisha. Tukifaulu hapa, tutakuwa tumesaidia chakula cha dunia nzima."

Mama yangu alikuwa ameketi nyuma, amenyoosha miguu kwenye nyasi. Akaniambia, bila kuinua mkono, "Muulize sisi tunaleta nini."

Nikamuuliza. Mratibu akatabasamu. "Mama, ninyi mnaleta mashamba."

"Mwambie tunaleta na kayongo. Bila kayongo yetu wangekuwa na kazi gani?"

Wanawake wakaangua kicheko. Mratibu naye akacheka kwa kuwa wengine wamecheka, halafu nilipomtafsiria akacheka tena, sasa kwa dhati, na akaja kumpa Mama mkono. Kayongo ni lile gugu lenye maua ya zambarau ambalo hujishika kwenye mizizi ya mtama na mahindi na kuyanyonya chini kwa chini. Shamba lililojaa kayongo huchanua vizuri sana. Mgeni anaweza kusimama kulipiga picha. Mbegu mpya ilisemekana kuwa na uwezo wa kulistahimili, na shamba letu lilichaguliwa kwa sababu ndilo lililoumwa zaidi.

Kila boma lingekuwa na kitalu kimoja cha majaribio, nusu mbegu mpya, nusu mbegu ya mwenye shamba, ili zilinganishwe. Mbegu ya Mama ilikuwa masuke mekundu yaliyoning'inia jikoni juu ya mafiga, meusi kwa moshi, ambayo fukusi hawakuthubutu kuyagusa. Niliyapukuchua, nikapima, nikatia kwenye bahasha ya kaki kama ile ya mbegu ya kampuni. Mama aliitazama bahasha. "Leo mtama wangu umevaa suti," akasema.

Halafu akaugua. Miguu ilianza kuvimba, kisha pumzi ikawa fupi, kisha hakuweza kulala chali. Hospitali ya Migori ilituhamishia nyingine mjini Homa Bay, na huko akalazwa. Na akiwa huko mvua ikanyesha, ile mvua kubwa ya kwanza ambayo hubadilisha harufu ya kila kitu.

Lazima nieleze jambo moja hapa, kwa kuwa mengine yote yanatoka humo. Kwetu mbegu haziendi shambani hivi hivi. Mwanamke mkubwa wa boma ndiye huzitoa. Tunaita golo kodhi, kutoa mbegu. Yeye hutangulia, hata kama ni shimo moja tu, kisha ndipo wake za wanawe hufuata kwa ukubwa wao. Anayemruka anajitafutia chira, mkosi unaokula watu wa nyumba yake polepole. Mama alikuwa mlokole, mwimbaji wa kwaya, na hakuona mgongano wowote. Alisema Mungu hajawahi kumkataza mtu kuanza kupanda.

Maboma mengine yote ya mradi yakapandwa. Nilizunguka humo kila siku na kamba yangu, nikiwasumbua wake za watu kwa mistari yao. Jioni nilirudi nyumbani na kupita kando ya kitalu chetu, kimelimwa, kimelowa, kitupu.

Kaka yangu alinikuta nimesimama pale. "Panda tu, dada," akasema. "Mama ameokoka, unafikiri atajali?"

Mkewe, aliyekuwa anaanua nguo, akamjibu. "Nani apande? Mimi? Mama mkwe wangu yu hai, nimtangulie na jembe? Kisha mtoto wangu akikohoa mtasema nini? Wewe kapande na hiyo suruali yako tuone kama mtama utaota."

Nilikuwa na wazo langu, na nililionea fahari. Ningebeba udongo wa kitalu kwenye kopo, nimpelekee Mama hospitalini, atie mbegu humo, kisha nirudi na kopo lile na kulizika kwenye kona ya shamba. Nikamweleza mama mdogo, mke wa marehemu baba mdogo, jirani yetu, ambaye huyajua mambo haya. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo," akasema, "ikiota, ni Homa Bay ndiyo itakuwa imepandwa. Utavuna kwenye wodi?"

Nilikwenda Homa Bay bila kopo. Dirisha la wodi lilitazama mlima Asego, na upepo ulipogeuka ulileta harufu ya omena, dagaa wa ziwani, kutoka ufuoni. Nilimweleza Mama wazo langu na maneno ya mama mdogo, akacheka mpaka muuguzi akaja kumwekea sawa mito. Kisha akauliza alichokuwa anauliza kila siku kwenye simu.

"Kuna aliyeshika jembe?"

"Hakuna, Mama."

"Vizuri. Nakuja."

Ikabidi nimwambie. Nikasema vitalu vyote vinatakiwa kupandwa karibu wakati mmoja, la sivyo haviwezi kulinganishwa. Nikasema mratibu ametupa hadi Alhamisi, na baada ya hapo kitalu chetu kitaondolewa kwenye utafiti.

Mama alifikiri. "Kikiondolewa, dunia italala njaa?"

"Hapana, Mama. Watapunguza kitalu kimoja tu."

"Basi na wangoje." Akafumba macho. Nilidhani amelala, nami nikaanza kunyoosha shuka lake, kona kwa kona, mpaka akaushika mkono wangu. "Nyathina," akasema, mwanangu, "mama mkwe wangu ndiye aliyeniachia kazi ile. Tangu hapo sijawahi kusikia mtama umeota pale bila mimi. Shimo moja. Nichimbe moja tu, hayo mengine myapime kwa kamba yenu."

Daktari alikuwa amesema kwamba akiendelea vile, Ijumaa angeruhusiwa kwenda nyumbani. Nilimpigia mratibu kumwomba siku mbili zaidi, nikiwa nje ya lango la hospitali. Nilikuwa nimejiandikia cha kusema, nikakisoma vibaya.

"Dada, naelewa," akanijibu. "Hata kwa bibi yangu kulikuwa na mambo kama hayo. Ningeweza kungoja mwezi. Ila mvua haina simu nikaipigia." Nikasikia akifunua karatasi. "Jumamosi, basi. Nitawaambia wenzetu wa kampuni kwamba ni mimi niliyeamua."

Sijasahau kwamba alisema hivyo. Watu wakiniuliza kama mradi ulikuwa mbaya, huwa nashindwa kujibu, kwa sababu ya sentensi ile.

Ijumaa asubuhi kaka alikwenda kumchukua Mama, kwa gari la mwalimu jirani. Mimi nilibaki kuandaa. Nilichagua kona ya kitalu iliyo karibu na jiko, ambapo angefika bila kutembea sana. Nikatoa kiti chake cha mbao na kukiweka hapo, nikakisogeza ili jua lisimpige usoni, nikakirudisha kwa sababu sasa kiligusa mstari wa kwanza. Nikaegemeza jembe lake dogo, lile lenye mpini uliolainika. Nikampigia kaka kumwambia kiti kiko tayari, ampitishe moja kwa moja shambani kabla hajaingia nyumbani na kuchoka. Hakupokea. Nikaanza kutandaza kamba.

Alinipigia nikiwa katikati ya mstari. Nilisikia honi, na mwanamke akiita wanunuzi wa samaki.

"Kile kiti," akasema. "Kirudishe ndani."

Niliivuta kamba mpaka mwisho wa shamba. Nikapigilia kigingi. Nikarudi mwanzo kuangalia kama imenyooka, na ilikuwa imenyooka. Mke wa kaka alinikuta nimepiga magoti, nikigusa fundo moja baada ya jingine. Alikiona kiti, akakibeba, na alipofika mlangoni ndipo akapiga ukemi wa msiba ambao mimi sikuwa nimeweza kuupiga.

Kwetu kijiji hakilimi wakati maiti hajazikwa. Majembe pekee yaliyofanya kazi yalikuwa ya wachimba kaburi, kando ya nyumba yake, hatua chache kutoka kwenye kile kitalu. Vitalu vya jirani vilikuwa vimeota na vilihitaji palizi, na hakuna aliyeshika jembe. Mratibu alikuja kwenye mazishi na watu wa kofia zote mbili, wakiwa wamezivua. Aliyaona magugu yakiota kila mahali kwenye utafiti wake. Alisimama nyuma ya kwaya, na walipoimba kwa Kijaluo alijaribu kufuata sauti.

Kisha matanga yakaisha, na akaja tena peke yake, akiwa na aibu, kwa sababu mbegu ya kampuni ambayo haijapandwa ilitakiwa irudi. Nikamletea bahasha zote mbili, safi, zikiwa zimefungwa. Aliisoma alama ya kila moja. Moja akaitia mkobani. Ya pili akanirudishia kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa sadaka.

"Hii si yetu," akasema.

Mwisho wa msimu matokeo yalitangazwa kwenye uwanja ule ule wa kanisa. Walitundika ramani ya kijiji, kila boma na duara lake la kijani. Boma letu lilikuwa na duara jeupe. Mratibu alieleza kwamba mbegu mpya imestahimili kayongo vizuri kuliko walivyotarajia, watu wakapiga makofi, nami nikayatafsiri yote bila kukosea neno. Mama mmoja aliuliza duara jeupe ni nini. Nikageuka kwa mratibu, lakini yeye alikuwa ananitazama mimi. "Hapo hapakupandwa," nikasema, kwa lugha zote mbili.

Mradi ukahamia kwingine. Ubia unaendelea, nasikia, na mbegu ile siku moja itafika kwenye agroveti za Uriri, maduka ya pembejeo. Naamini ni mbegu nzuri. Natamani dunia ishibe. Lakini nikisikia maneno "chakula cha dunia" bado naona kiti, na najiuliza kama ningepaswa kumshawishi Mama aseme pandeni tu, kama nilimpa jambo la kungojea au nilimchosha nalo. Daktari alisema moyo wake ulikuwa umechoka kabla ya yote hayo. Nimemuuliza zaidi ya mara moja. Jibu halibadiliki, na halinitoshi.

Mvua zilizofuata, kutoa mbegu kulimwangukia mke wa kaka. Mimi ni binti ambaye hajaolewa. Katika mpango ule sina nafasi yangu. Nilisimama pembeni. Alitoka jikoni na ile bahasha ya kaki mkononi na lile jembe dogo lenye mpini uliolainika. Alifika kwenye kona, akasimama.

"Wifi," akaniita, "leta hiyo kamba yako. Mama alisema ulitaka kumlimisha kama askari wa gwaride."

Nikaileta. Aliitazama kidogo, akaiweka chini, akapiga shimo la kwanza pale ambapo kiti kilikuwa kimewekwa. Halikuwa kwenye mstari. Akatia mbegu, akafukia kwa kisigino, kisha akaanza kulia.

Nilitandaza kamba kuanzia hapo. Mistari yote ya kitalu kile imenyooka isipokuwa shimo moja, na mtama ulipoota, ule wa shimo lile ulisimama peke yake, nje kidogo. Kayongo imeanza kujitokeza kuuzunguka. Asubuhi huwa naing'oa kwa mkono, kabla haijachanua.