Mto Niliompa Mwenzangu

Gazeti letu la machimboni lilitoka kila Jumamosi, kwa Kiingereza. Tulilipanga watu wawili, herufi moja moja: mimi, niliyejifunza kupiga chapa misheni karibu na Njombe, na mwenzangu wa Makambako. Tuliitana mnyalukolo, kama wanavyoitana ndugu kwetu, na tulipika chungu kimoja. Kiingereza nilijifundisha hapo hapo, nikikisoma kinyumenyume kwenye herufi za madini ya risasi.

Mara mbili tangazo la serikali la kufungua eneo jipya la dhahabu lilivuja. Kabla gazeti halijatoka, wachimbaji fulani walikwisha kufika kwenye mto uliotajwa, na vigingi vyao vya kuwekea mipaka. Bwana mwenye gazeti, Mzungu aliyesema polepole, alitwambia likivuja la tatu tutafute lori la kurudi kwetu, wote wawili. Mwizi alikuwa mmoja wetu, alisema.

Mimi nilijijua. Basi nikaanza kumchunguza mwenzangu. Niliandika katika daftari ametoka saa ngapi na amerudi na nini. Alinunua viatu. Alicheka sana na madereva. Vyote nikaviandika.

Tangazo la tatu lilipoletwa Alhamisi, niliomba nilipange mwenyewe. Penye jina la mto niliweka mto mwingine, wa upande wa pili kabisa. Nikapiga nakala moja ya kusahihishia, nikampa mwenzangu aisome. Alipokwenda kuchukua mafuta ya taa ya kusafishia, niliutoa mstari ule, nikaweka wa kweli, nikapiga nakala ya pili na kumpelekea Bwana.

Ijumaa asubuhi nilisimama mlangoni. Lori la wachimbaji lilipita na vigingi, likaelekea mto wa kweli.

Nilikwenda kwa Bwana nikamweleza mtego wangu wote, kwamba mwenzangu hakuujua mto huo. Akasema neno la mwizi limekwisha, nirudi kazini. Hakuuliza ni nani basi aliyeujua. Nami sikumwambia.

Jumatatu ilikuwa siku ya kurudisha herufi katika sanduku lake, kila moja kijumbani mwake. Hiyo ilikuwa kazi ya mwenzangu, nami niliisahau. Mstari nilioutoa ulikuwa bado pembeni ya meza. Aliuokota, akaupitishia kidole.

"Mnyalukolo, huu mto ulikuwa wangu?"

"Ulikuwa wako."

"Na viatu vyangu umeviandika?"

Daftari langu lilikuwa wazi pale mezani; nililivuta nikalifunga. Alizirudisha herufi zile zote bila kukosea kijumba, akanawa mikono kwa mafuta ya taa, akaenda kufunga sanduku lake la nguo. Hakuna aliyemfukuza. Alipanda lori la Makambako siku hiyo hiyo.

Sasa analima huko. Nikipita hunikaribisha vizuri na kunipa kiti. Yeye mwenyewe hukaa mahali anapoweza kuiona mikono yangu.