Nyumba ya Uzi

Jirani yangu fundi cherehani huzungumza huku pini zimebanwa midomoni, na utepe wa kupimia haumtoki shingoni. Kwenye nyumba tunayopanga sisi, mmoja akipiga chafya, wa chumba cha tatu humpa pole. Ndiyo maana akanunua robo eka huko barabara inakoishia, kwa bei ya cherehani mbili, alime, afuge, asisikie mtu. Kila Jumapili huenda kuipima upya, utadhani udongo nao hunenepa.

Juzi alitupeleka sisi wapangaji wenzake tukaione. Nyumba ilikuwa vigingi na uzi mweupe: sebule, chumba, jiko; kando, maharage yameshaota na kisima anachochimba kimefika magotini. Nikaruka uzi.

"We jirani, unapita ukutani kama jini? Rudi, mlango uko huku!"

Nikarudi, nikapiga hodi.

"Karibu, karibu. Vua viatu."

Baadaye tukiwa kisimani, mvua ikashuka bila hodi. "Ingieni ndani, mtalowa!" akapiga kelele, pini zikamdondoka. Tukakimbia sote, tukapita mlangoni mmoja mmoja, tukakaa sebuleni tukicheka, tumelowa chapachapa. Yeye aliingia wa mwisho, akageuka, akafunga mlango.