Swali la Mama wa Vanga

Juma lililopita nilihudhuria mkutano wa kwanza wa wafanyabiashara wadogo hapa Msambweni tangu tupate Uhuru. Ofisa kutoka Nairobi alitufundisha asubuhi nzima kwamba biashara ni moyo. Ndipo mama mmoja muuza samaki akasimama.

"Mwanangu, barabara ya Vanga itatengenezwa lini? Samaki wetu huoza njiani."

Ofisa akatazama saa yake. "Mama, hilo si la leo. Leo twazungumza juu ya moyo."

"Moyo ninao, mwanangu. Ndio ulionitembeza siku mbili kuja hapa."

Tulipiga makofi hadi mabati yakatetema. Lakini karani, aliyekuwa akiandika kila neno la ofisa, alikuwa ameshafunga daftari. Nilighadhibika. Basi swali hilo nimeliandika mimi, na nafasi ya jibu ipo papa hapa.