Kioo cha Manjano Ndani ya Droo

Tsukuda Chizuru alikuwa mtu wa kimya, lakini mwaka ule tulimsikia akiimba maabarani kwetu Kawasaki. Unga wake ulikuwa umetoa haidrojeni.

Unga wenyewe ni oksidi ya titani. Ukiwa mweupe, hutoa haidrojeni kwenye maji kwa mionzi ya urujuanimno tu, na mionzi hiyo ni kidogo sana kwenye jua. Tsukuda aliuoka na nitrojeni mpaka ukawa wa manjano, ili ufanye kazi kwa mwanga huu tunaouona kwa macho. Mwalimu wake, mzee Hasunuma, aliyeianza kazi hiyo angali kijana, sasa alikuwa amelazwa na saratani. Habari ile aliipokea kwa machozi, ikachapishwa jaridani kwa majina yao wote wawili.

Desemba ukafika usafi mkuu wa kufunga mwaka. Tsukuda alipovuta droo, alikuta kioo kimefungwa kwa karatasi laini. Kilikuwa kile cha manjano hafifu, kinachopaswa kukaa mbele ya taa ya majaribio ili kuzuia urujuanimno wake. Alikiosha mwenyewe kwenye usafi wa mwaka uliotangulia, akakihifadhi vizuri mno. Mbele ya taa muda wote kilikaa kioo cha kawaida.

Akakirudisha mahali pake, akawasha taa kuumulika unga majini. Hakikutoka hata kiputo; kumbe haidrojeni ile yote ilitokana na urujuanimno.

“Dada, umesafisha mpaka matokeo!” alisema Ozaki, mwenzetu. Kisha akashusha sauti. “Funga droo. Mwache mzee afe na furaha yake.”

“Furaha hiyo nilimpa mimi, kaka. Na haikuwa ya kweli.”

Hospitalini alimmenyea mwalimu chenza kwanza, ndipo akasema. Mzee alitafuna polepole.

“Ulikiosha vizuri?”

“Vizuri sana, Mwalimu.”

“Ndivyo nilivyokufundisha. Wapumbavu wawili sisi.” Akafumba macho, Tsukuda akadhani amelala. “Andika masahihisho leo. Na jina langu usiliondoe.”

“Mwalimu, kosa ni langu.”

“Kwenye sifa nilikuwepo. Kwenye aibu unanificha? Fanya haraka. Nikishakufa watasema umenisingizia.”

Masahihisho yalitoka Februari. Tsukuda alimsomea kitandani, na mzee akaomba arudie pale kwenye majina. Wiki ile ile tukamzika.

Tsukuda bado anaoka unga. Kila usafi mkuu, kioo kile hukifuta pale pale kilipo, bila kukitoa.